Kadi

Nililinunua sijaliona,
saa nane usiku, mapumziko ya zamu,
kantini ya hospitali hapa Sunderland,
simu imeegemea chupa ya siki,
na mnada wa Yokohama kwao ni saa tano asubuhi.
Karatasi ilikuwa na mchoro wa gari
lililobanjuliwa kama samaki wa kukaushwa,
na herufi ndogondogo: A ni mkwaruzo,
U ni kibonyeo,
na karibu na gurudumu la nyuma, S moja peke yake.
Sikuuliza S ni nini.

Nissan Silvia, mwaka tisini na tisa, buluu,
tabo, gia sita, mmiliki mmoja.
Mbuzi kwenye gunia, akasema Tunu,
na gunia lenyewe liko Japani.
Akauliza bei.
Nikataja nusu.

Wiki saba za meli. Nilizihesabu
kama mume anayehesabu miezi.

Likaletwa na lori Jumanne ya ukungu,
ule unaopanda kutoka baharini Roker
ukameza mnara wa taa, kisha mtaa.
Jirani yangu Norman Hedley akatoka na ndara.
Miaka ishirini na saba alifunga milango
kwenye kiwanda cha Nissan, hapa hapa, maili chache.
Akalizunguka mara mbili, mikono nyuma,
kama aliyeonyeshwa binamu asiyemjua.
"Hili hatukulitengeneza sisi."
Sikujua kama ni sifa au msiba.

Ukitaka cha mvunguni. Basi nikainama,
nikalala chali juu ya kadibodi, tochi mdomoni,
nikakutana na S.
Kutu, pana kama kiganja,
ikanimwagikia machoni kama ugoro.
Mkaguzi akalifelisha, lakini si kwa kutu niliyoikwangua:
halikuwa na taa ya ukungu.
Lilikotoka hakuna aliyelifunza kuuogopa.

Nyuma ya kikingajua nikakuta hirizi,
kifuko cha hariri nyekundu, uzi mweupe.
Hirizi ya mtu haitupwi.
Nikairudisha, nikamwombea mwenyewe popote alipo,
awe aliuza kwa uzee, au kwa mtoto kuzaliwa,
si kwa kilio.

Na kila ninapowasha, mwanamke anasema.
Sauti ileile! Korogwe, Corolla ya mjomba Mbaruku,
pikapu ya duka la saruji,
gari lililombeba dada yangu siku ya harusi:
yote yalianza na yeye, mpole, mwepesi,
nasi tulijua anachosema.
Mjomba alisema anamsifu dereva.
Mama alisema ni dua ya safari,
akaitikia Amina kabla mlango haujafungwa.

Hedley alipelekwa kule ujanani, miezi mitatu,
kujifunza bawaba.
Nikampakia, tukateremka hadi Seaburn,
tabo ikavuta pumzi,
mzee akashika dari akacheka hadi meno yakalegea.
Nikazima. Nikawasha. Anasema nini?
Akainamisha sikio. Mara ya pili. Ya tatu.
"Anasema hujaingiza kadi."
Kadi gani?
"Ya kulipia barabara. Barabara za kwao."

Miaka yote hiyo.
Saruji, harusi, Amina ya Mama.

Kuna fundi Gateshead, dakika kumi tu,
anakata waya, mwanamke ananyamaza.
Sijalipeleka.
Sasa chumvi imemwagwa barabarani,
gari limelala gerejini
chini ya blanketi ambalo Tunu analitafuta,
nami hushuka kabla ya zamu,
nafungua mlango, baridi inaingia,
nawasha kidogo, betri isife.

Anasema hujaingiza kadi.
Nasema Amina.