Tisini na Tatu kwa Mia

Hapo ndipo ramani ya Kisamo ilipogoma,
kama punda aliyeona daraja.
Msingi umepita, vyoo vimepita, veranda imepita,
limebaki paa.
Na kesho saa moja asubuhi fundi Lyaruu
atakuwa Madale na vibarua sita,
akiikodolea simu yake kama anayeungoja mwezi wa Idi.

Modemu yangu ina taa tatu.
Ya kijani ni ahadi, ya njano ni udhuru,
nyekundu haihitaji tafsiri.
Leo zinapepesa kwa zamu
mfano wa mtu anayetafuta uongo wa kutosha.

Nimechomoa laini, nikaifuta kwa pindo la fulana,
nikaipuliza (sijui kwa nini tunapuliza), nikairudisha.
Nimezima, nikahesabu thelathini, nikawasha.
Nimebadili mipangilio kwa herufi
nilizoandikiwa nyuma ya risiti ya luku.
Nimeiweka dirishani, juu ya friji, juu ya kabati la vyombo,
na kwa ushauri wa Sijaona wa dukani
nimeiegemeza ndani ya sufuria ya wali,
eti bati huvuta mawimbi.
Ilivuta harufu ya ukoko.

Saa nne na robo usiku nikapiga huduma kwa wateja.
Kwa Kiswahili bonyeza moja. Nikabonyeza.
Kununua kifurushi bonyeza mbili.
Kifurushi ninacho, sina pa kukifungulia.
Kinanda kikaanza,
kinafika katikati kinarudi mwanzo,
na kila baada ya muda sauti laini:
simu yako ni muhimu kwetu.
Mara ya kwanza niliamini.
Ya tisa nilikuwa nachora pembezoni mwa karatasi
ngazi isiyofika popote.

"Unaongea na Yusta. Nikusaidie nini, mpendwa mteja?"

Maneno makali nilikuwa nimeyapanga kama tofali,
lakini sauti yake ilikuwa na mafua.
"Umejaribu kuzima na kuwasha?"
Nimezima na kuwasha, dada, mpaka modemu imezoea kufa.
Akacheka, akajizuia;
nadhani vicheko navyo hurekodiwa.
"Upo eneo gani?"
Goba, mteremkoni, nyuma ya kisima cha Mushi.
Mnara uko upande wa pili wa kilima.

Kimya. Vidole kwenye kibodi.
Halafu kwa sauti ya chini, isiyo ya kampuni:
"Hapo penye duka lenye friji mbovu nje?"
Hapo hapo.
"Mimi nakaa njia ya pili. Hata kwangu haishiki, kaka.
Mwanangu kazi za shule anafanyia
kwenye lile ghorofa ambalo halijaisha,
ngazi inapokata kona.
Pale tu. Hatua moja chini, hamna kitu."

Kisha akarudi kwenye maneno aliyokabidhiwa:
"Nimekufungulia tiketi. Mafundi watakupigia
ndani ya saa sabini na mbili. Kuna lingine?"
Lilikuwepo. Nikasema hakuna.
Nikamwambia anywe tangawizi.

Saa tano na nusu, bando limebakiza nusu saa ya uhai,
nikatoka, kompyuta kwapani,
modemu nimeikumbatia kama kifaranga,
nikamsalimu Makwaya mlinzi, akaninyooshea tochi
bila kuuliza; kumbe si mimi wa kwanza.
Ngazi za zege, hazina kingo.
Kumi na moja. Kumi na mbili. Kona.
Taa ikawaza. Ikawa njano. Ikawa kijani.
Tisini na nne. Tisini na saba. Nikabana pumzi
kana kwamba pumzi nayo inakula bando.

Imetumwa.

Nilipofika nyumbani, nikiwa navua viatu, simu ikatetemeka:
Ndugu mteja, je, umeridhika na huduma ya YUSTA?
Jibu kwa namba, moja hadi tano.
Nikaandika tano.
Haikwenda.
Nikajaribu tena. Haikwenda.
Nikavaa viatu.