Kiota cha Lugha, Inari

Saa mbili asubuhi, giza totoro.
Namvua Saammâl buti, theluji yamwagika mlangoni.
"Puásui," asema mwalimu, akigusa pembe za kulungu ukutani.
Mimi, baba mtu, nalitamka kombo.
Watoto hoi kwa kicheko.

Mama alijua yote haya.
Bwenini walimsugua ulimi kwa sabuni,
akarudi na Kifini kitupu,
akaninywesha hicho hicho.

Leo kaja. Kakalia kiti cha chekechea,
magoti karibu na kidevu.
Saammâl amnyooshea kipande cha samaki mkavu:
"Sema, Bibi."

Kimya.
Kisha, kama mtu apapasaye swichi
katika nyumba aliyozaliwa:
"Kyeli."

Nimeliandika kiganjani.
Kazini leo sinawi mikono.