Kamwene

Daktari wa mifugo alinipa kwa wiki mbili tu.
"Mama Chaula, wewe mtunzie joto,
wa kumchukua moja kwa moja atapatikana."
Nikasaini daftari lake kama anayepokea kifurushi.
Miaka ishirini na sita nilikaa dirisha la posta Mafinga;
kutunza kisicho changu, hiyo kazi naijua.

Walimkuta kiwanda cha mbao, nyuma ya msumeno,
amezama kwenye maranda ya misindano,
pua tu nje,
kama kiazi kilichomponyoka mvunaji.
Siku ya kwanza alipiga chafya za vumbi la mbao.
Siku ya pili alikula ndala yangu, ya kushoto.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema.
Huyu jembe hakulingoja.
Alfajiri ya tatu nikakuta matuta yangu yamepinduliwa,
naye katikati, udongo hadi kwenye nyusi,
mkia ukiuliza:
huku nimemaliza, wapi tena?

Jina sikumpa. Makusudi.
Kifurushi ukikipa jina hutakitoa dirishani.
Nilimwita wewe.
Wewe, shuka. Wewe, lete hiyo soksi.
Wewe, hilo ni jiko, lina moto,
na jiko likamfundisha lenyewe, kwenye ncha ya sharubu.

Lakini mtaa wetu hauna mtu wa kupita kimya.
Asubuhi za Juni ukungu hushuka mpaka magoti ya nguzo za umeme,
mtu humwoni, unaisikia salamu yake tu ikitembea:
Kamwene! Muuza maziwa, baiskeli inalia mnyororo.
Kamwene! Vijana wa mbao, mikono kwapani.
Kamwene! Bibi Sekalinga, anayesalimia hata ng'ombe.
Na kila kamwene yeye huruka,
huteleza kwenye saruji, hujigonga mlangoni,
hufika getini sikio moja limepinduka nje ndani,
ameitika.
Ungemwambiaje kwamba si yeye?
Mji mzima unamwita tangu kunapambazuka.

Wamekuja watu kumtazama.
Wa kwanza alitaka mlinzi.
Akajificha nyuma ya choo, akanyata kama mwizi;
mtoto akampelekea mwizi soksi.
Wa pili alimpenda sana, akambeba, akamnusa kichwa,
kisha akaliona kovu kwenye mguu wa nyuma
akakumbuka ana safari.
Wiki mbili zikawa saba.
Posta, kitu kikikaa hivyo tulikirudisha kwa mtumaji.
Huyu mtumaji wake nani? Msumeno?

Juzi simu imeita kutoka Makambako.
Sauti ya mwanamke, Lusungu, fundi cherehani,
ana mtoto wa miaka sita asiyependa kusema na watu.
Aliuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuyauliza:
analala upande gani, anaogopa nini,
radi au ufagio.
Ufagio, nikasema. Radi huibwekea.
Akacheka. Atakuja Jumamosi.
"Na jina lake?"
Nikanyamaza kidogo, laini ikakwaruza.
Miaka yote ile sikuwahi kuzuia barua ya mtu,
lakini siku hiyo nilielewa jinsi mkono unavyoweza
kuilaza moja chini ya daftari, asubuhi moja tu, isikae sana.
"Ukifika getini," nikasema, "usipige hodi.
Msalimie tu. Mwache mtoto ndiye asalimie."

Leo Ijumaa. Nimefua taulo lake,
limegoma kukauka kwa baridi hii, nimelianika juu ya jiko.
Kadi ya chanjo nimeifunga kwenye mfuko wa nailoni.
Ndala ya kulia nimempa, aondoke na jozi kamili tumboni.
Yupo miguuni pangu, anang'ata kamba ya kiatu changu,
anafungua ninachofunga.

Nje, ndani ya ukungu, mnyororo wa baiskeli.
Kamwene!
Tumeinuka wote wawili.