Daftari la Vipimo

Miaka thelathini na mmoja napima vifua vya kijiji hiki.
Kila jina lina mstari wake:
shingo, bega, kifua, kiuno.
Futi yangu imefutika namba za mwanzo,
zile za watoto.

Huku Punjab ngano huenda mpaka macho yachoke.
Unga hatujawahi kuukosa;
kinu cha Ujagar husaga hadi usiku wa manane.
Lakini siku hizi mtu akitamka unga
wanawake hugeuka kutazama vijana wao.

Nirvair, mtoto wa Baldev fundi pampu:
mwaka aliocheza kabaddi ya wilaya, inchi arobaini na mbili.
Nikamwambia, punguza pumzi, utanikatia futi.
Akacheka, futi ikaniponyoka.
Mwaka uliofuata, thelathini na tisa.
Nikadhani nimekosea, nikapima tena.
"Ni joto, mjomba."
Thelathini na sita.
Akataka shati la mikono mirefu, mwezi wa Juni,
mwezi ambao mbwa hulala ndani ya mfereji.
"Vifungo vya mkononi viwe viwili. Vibane."

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua.
Mimi sikuyaficha.
Niliyashonea mikono mirefu,
nikapokea pesa, nikarudisha chenji.

Kwao iliondoka pampu kwanza.
Kisha vyungu vya shaba, kisha baiskeli ya Simrat,
dada mtu, ambaye sasa huenda chuo cha uuguzi kwa miguu.
Baldev hakuuliza kitu. Alinunua kufuli.
Kufuli nalo likauzwa.

Siku moja nilimkuta chini ya meza yangu ya kukatia,
amejikunja kama kitambaa kilichobaki.
Ilianza na goti, akasema, kidonge cha goti,
halafu rafiki akamletea kitu chepesi zaidi.
"Mara ya kwanza ilikuwa kama kuvaa shati
lililotoka kwenye pasi, asubuhi ya baridi.
Basi, mjomba. Tangu hapo nalitafuta shati lile."

Usiku ule nilifungua daftari toka mwanzo.
Majina kumi na tisa yanapungua,
mwaka hadi mwaka, kama nguo iliyofuliwa vibaya.
Saba sikuwapima tena.
Kipimo chao cha mwisho
alikichukua muuza kuni za kuchomea maiti.
Na hao ni wateja wangu tu; kuna fundi mwingine ng'ambo ya mfereji,
sijathubutu kumuuliza.

Mama yake akaja na kitambaa cha koti la harusi.
"Akioa atatulia."
Binti wa watu, nikamwambia, si dawa.
Hakunijibu. Aliacha kitambaa mezani.
Thelathini na tatu.
Nilishona, lakini ndani ya mishono
niliacha inchi nne za akiba kila upande.

Harusi haikuwa. Koti liko msumarini.
Simrat ndiye aliyempeleka zahanati, kamshika mkono kama mtoto.
Kila asubuhi humeza mate mbele ya muuguzi,
kidonge kikiyeyuka chini ya ulimi.
Mara mbili ametoroka. Mara mbili karudi.

Jana alipita, akasimama mlangoni
akanyanyua mikono mwenyewe, bila kuambiwa.
Thelathini na tatu na nusu.
Nikaiandika ile nusu kwa kalamu ya wino.
Mshono sijafumua.
Mkasi nimeuweka karibu.