Singo ya Unga wa Mawe

Unga huja kwa magunia ya kilo ishirini na tano,
mweupe, laini kuliko sembe,
umesagwa kwa mawe yaliyokuwa matumbawe
kabla Miritini haijapewa jina.
Una kiburi. Unapenda maji tu,
na plastiki iliyoyeyuka haina undugu na maji.

Ukitupwa mashinini hivihivi
chembe hukumbatiana zenyewe kwa zenyewe
kama wageni harusini wasiojua mtu,
wamejikunyata pembeni na mikoba yao.
Beseni hutoka na vidonge vyeupe.
Juzi mama mmoja wa Kongowea
alilirudisha lake kichwani, limepasuka kitako.
"Mimi nilitia viazi," akasema.
"Mawe mmeyatia nyinyi."

Mwenye kiwanda akataka tupunguze unga,
kisha akapiga hesabu,
akataka tusipunguze.

Nikamkumbuka shangazi Mwanamkasi
aliyekuwa akisinga maharusi kule Kuze,
siku saba, mlango umefungwa,
liwa, dalia, manjano, waridi kavu.
"Mwili mkavu haupokei kitu," akinambia,
"hata hina huukataa."
Tena: "Mafuta kwa kiasi,
bi harusi asing'ae kama samaki wa kukaanga."

Basi Mwadime akawasha pipa la kuchanganyia,
mapanga yakazunguka hadi sindano ikagusa tisini.
Nikapima magamba ya asidi ya steariki,
kilo moja kwa kila mia.
Yananuka mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Kilichotokea humo sikukiona.
Nimekisoma tu: kila chembe ya mafuta
ina kichwa na mkia;
kichwa huuma jiwe, king'ang'anie,
mkia ubaki nje
ukiitazama plastiki kama binamu.

Mara ya kwanza nilizidisha.
Mabeseni yakatoka yanatoa jasho,
nembo ikafutika kwa kidole,
na shangazi, nina hakika, akacheka huko Kikowani.

Mara ya tatu, bilauri mbili juu ya meza ya vipimo.
Ya kwanza nikanyunyizia unga wa gunia:
ukazama, maji yakawa tui.
Ya pili, unga uliosingwa:
ukakaa juu, mkavu,
ukiyanunia maji uliyoyapenda jana.

Mwadime akainama, akapuliza kidogo.
Unga ukasogea ukingoni, ukarudi.
"Umesahau kwao," akasema.

Sikumjibu.
Nilikuwa nawaza siku nilipotolewa chumbani,
nimepakwa, nimefukizwa udi,
watu wazima wakinisifu nimekuwa mwingine,
na chini ya yote hayo
jiwe langu liko palepale.

Beseni la asubuhi nililipindua,
nikavua viatu, nikalipanda kwa miguu miwili.
Likabonyea.
Nikashuka, likajiinua,
na Mwadime akaenda kuwasha mashine ya pili.