Mapacha wa Basilia

Basilia Choque wa Challapata
alikuwa na watoto wawili wa jicho,
mmoja kulia, mmoja kushoto,
na hakuwapa jina.

Wa kulia alitolewa Oruro, hospitali kuu.
Mashine ilimsaga kwa mawimbi ya sauti,
ikamfyonza kama uji kwenye mrija
kupitia tundu lisilofika milimita tatu.
Bei: lama sita, na dume lake jeupe.

Wa kushoto akabaki ndani, akakomaa,
akawa kahawia, mgumu kama kokwa.

Mwaka huu madaktari wamekuja na lori,
wakasogeza madawati ya darasa la tatu.
Saa nne umeme ukakatika.
Daktari Nayra hakuinua kichwa. Akamulikiwa tochi,
akachimba njia ya mshazari kwenye weupe wa jicho,
akamtoa mtoto mzimamzima, kama mkunga.
Dakika saba. Jeraha likajifunga lenyewe, bila uzi.
Bei: hakuna;
Basilia akaacha gunia la viazi vikavu mlangoni
asiulizwe.

Kesho yake bandeji ikafunguliwa.
“Mama, lipi linaona zaidi?”

“La mashine halikuwasha hata siku moja.
Hili linawasha.”

Akaenda dirishani. Foleni ilifika barabarani.
Akafumba la kushoto, akahesabu: arobaini na mmoja.
Akafumba la kulia, akahesabu tena, polepole,
midomo ikicheza:
arobaini na mmoja.

“Na wenye lama saba,” akauliza bila kugeuka,
“ni wangapi?”