Ruhusa ya Kutazama

Barua ya kumi na nne niliipeleka kwa mguu
kutoka Ngara hadi Upper Hill, viatu mkononi
pale barabara ilipogeuka mto,
bahasha chini ya sweta kama mtoto mchanga.
"Tutakupigia," alisema karani.
Hakuniomba nambari.

Cheti changu kina muhuri mwekundu na maandishi ya Kichina.
Mlinzi wa lango alikigeuza juu chini, chini juu,
akauliza kama ni cha kuuza simu.
Nikacheka. Ungefanyaje?
Miaka sita Harbin, mto ukiganda hadi watu wakiuvuka kwa baiskeli,
na sasa majirani wa Umoja wanamuuliza mama:
huyu daktari wako, mbona saa nne asubuhi yuko nyumbani
anaanika nguo?

Sikuomba mshahara. Sikuomba hata chai.
Niliomba kusimama nyuma ya watu
wodi ya magonjwa ya ndani,
niangalie.

Daktari Shirinbanu aliisoma barua akiwa amesimama,
akila ndizi.
"Majuma manne," akasema. "Macho tu.
Mikono mfukoni. Ukigusa mgonjwa, umeenda."

Basi nikawa macho.
Nikatazama kucha, nyayo zilizovimba,
godoro lililobonyea upande mmoja,
uji ulioganda kikombeni tangu alfajiri.
Kutazama nikakuweza.
Kusikia ndiko kulikonishinda.

"Inauma wapi?" naijua kwa Kichina
kama nijuavyo jina langu.
Lakini Mama Syokau wa kitanda cha saba,
muuza mitumba wa Gikomba, alisema:
"Kuna kitu kinatembea hapa, halafu kinakaa.
Kikishakaa, pumzi inajikunja
kama jani la mgomba juu ya moto."
Vitabu vyangu havina ukurasa huo.
Niliyaandika maneno yake kiganjani,
yakafutika nilipoosha vyombo.

Siku ya tatu aliniuliza:
"Wewe ni daktari au umekuja kumwona mtu?"
"Natazama," nikajibu.
"Haya, tazama. Wengine hapa hutazama saa."

Siku ya tisa,
msafara ukiwa umeshahamia kitanda cha nane,
aliketi kitandani ameshika chuma kwa mikono miwili,
hasemi kitu.
Mfukoni nilikuwa na funguo, hamsini ya nauli,
na vidole kumi vinavyotoka jasho.
Ameketi wima, lakini mshipa wa shingo umejaa,
unapiga hadi chini ya sikio
kama mtu anayebisha mlango kwa adabu
huku nyumba inaungua.

"Daktari," nikasema. "Shingo."

Neno moja. Makoti yote meupe yakageuka.
Kisha oksijeni, sindano, dawa ya kukojoza,
miguu ikikimbia, mimi nikisukumwa ukutani
mikono bado mfukoni.

Hakuna aliyenisifu. Saa saba mchana
Mama Syokau aliomba chumvi, akakatazwa, akatukana kwa Kikamba.
Daktari Shirinbanu alinipita kwenye ngazi
bila kusimama:
"Kesho njoo na stetoskopu.
Usiitumie. Njoo nayo tu."

Usiku nikapiga pasi koti.
"Wamekuandika?" mama akauliza kutoka jikoni.
"Bado."
Akanyamaza kidogo. Kisha nikamsikia dirishani
akimwambia jirani, kwa sauti ya mtaa mzima,
kwamba kesho asimtafute mtu wa kuanika nguo hapa.